Jirani Kwanza, Sokoni Baadaye: Mwongozo wa Kuzoea Maisha ya Ugenini

Anayehamia nchi ya kigeni hujiandaa kwa mambo makubwa: viza, nyumba, bima, akaunti ya benki, shule ya watoto. Hayo yana ofisi na fomu zake, na siku moja huisha. Kinachomchosha mtu kwa muda mrefu ni vitu vidogo alivyokuwa akivifanya kwao bila kufikiri. Asimame wapi kwenye foleni? Amsalimie nani njiani? Mboga hii inamenywa au inapikwa na maganda yake? Muziki uzimwe saa ngapi?

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alilizungumzia jambo hili mwaka 1954 katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro, akaliita mshtuko wa utamaduni. Kwa maelezo yake, mtu anayepotelewa ghafla na ishara ndogo ndogo zinazomwongoza kuishi na wenzake huingiwa na wasiwasi, hata kama hakuna baya lililompata. Mwanzoni kila kitu humpendeza. Baadaye huanza kukasirika, akawaona wenyeji wote hawana utu, akaanza kuyashuku maji ya kunywa, vyombo na chakula. Oberg alikitaja hicho cha mwisho waziwazi miongoni mwa dalili: hofu iliyopitiliza juu ya chakula na maji.

Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba ishara hizo hurudi mapema zaidi kupitia jirani na chungu, na kwamba viwili hivi visitenganishwe. Chakula kinakupa sababu ya kumsemesha jirani ambaye vinginevyo ungempita kimya mwaka mzima. Jirani naye anakufungulia chakula ambacho ungekiogopa sokoni. Fuata hatua hizi kwa mpangilio huu kadiri hali inavyokuruhusu.

Hatua ya 1: Tazama mlango kabla ya vyumba

Ukiwa bado unatafuta nyumba, usiishie kuuliza kodi na idadi ya vyumba. Mwaka 1950, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti kuhusu nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT, Marekani. Familia hizo hazikujichagulia majirani, zilipangiwa tu nyumba. Hata hivyo urafiki ulifuata milango. Kati ya majirani walioishi mlango kwa mlango, asilimia 41 walitajwa kuwa marafiki wa karibu. Walioachana kwa milango miwili, asilimia 22. Walioishi ncha mbili za korido ileile, asilimia 10. Waliopangiwa karibu na ngazi na masanduku ya barua walifahamiana na watu wengi zaidi, wakiwemo wa ghorofa ya juu. Na umbali wote huo ni wa hatua chache za mguu.

Kwa hiyo unapokagua nyumba, angalia watu wanapitana wapi. Je, kuna ua wa pamoja, benchi, mahali pa kufulia, au kila mtu anatoka kwenye gari na kujifungia ndani? Unaweza kufika sokoni kwa miguu? Mimi ningechukua chumba kidogo chenye mlango unaoelekea uani kuliko kikubwa kilichojificha mwisho wa korido, hasa kwa mtu anayekuja peke yake. Kama nyumba umepangiwa na mwajiri au chuo na iko pembeni, jitengenezee njia: tumia ngazi badala ya lifti, kaa nje jioni, usipokelee kila kitu mlangoni.

Hatua ya 2: Siku za mwanzo, jitambulishe na usiwe kero

Kubisha mlango wa jirani katika wiki mbili za mwanzo ni jambo rahisi, kwa sababu ugeni wenyewe ndio sababu. Ukingoja miezi sita utahitaji kueleza ulikuwa wapi. Nenda mchana au jioni mapema, epuka saa za kula na saa za kulala, simama nje ya mlango, na usizidishe dakika mbili au tatu. Sema jina lako, onyesha mlango wako, uliza swali moja, aga. Usiingie ndani siku hiyo hata ukikaribishwa kwa adabu tu. Kama mwaliko ni wa dhati utarudiwa.

Lugha isikuzuie. Jifunze kwanza sentensi chache na uzitamke vizuri: salamu ya asubuhi na ya jioni, samahani, asante, mimi ni mgeni hapa, hiki kinaitwaje, kinapikwaje. Hizo mbili za mwisho zitakulisha na kukufundisha lugha kwa miezi mingi.

Kabla hujapendwa, hakikisha huchukizi. Katika majengo mengi mgeni hupimwa kwanza kwa takataka zake: siku gani zinatolewa, zinatenganishwaje, ndoo inarudishwa lini. Ulizia hilo siku ya kwanza kwa msimamizi wa jengo au mwenye nyumba, pamoja na saa za utulivu, maegesho na utaratibu wa kufulia. Harufu ya mapishi nayo ifikirie. Funga mlango wa korido, fungua dirisha la nje. Mtu asiyekufahamu hukasirishwa na harufu ileile ambayo akishakufahamu ataiulizia.

Halafu onekana. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu wamekiona mara nyingi, hata kama hawajui maana yake. Pita njia ileile, saa ileile, salimia walewale. Nunua kwa muuzaji mmoja. Kwa mgeni, ratiba isiyobadilikabadilika inafanya kazi kubwa kuliko ucheshi.

Hatua ya 3: Omba msaada mdogo, na uwe wa chakula

Wageni wengi hukosea hapa kwa nia njema. Wanafikiri njia ya kupendwa ni kutoa, basi wanapeleka zawadi kubwa kwa mtu asiyewajua, na mtu huyo anabaki na deni ambalo hakuliomba. Anza na kuomba. Mwaka 1969, Jon Jecker na David Landy walichapisha jaribio ambamo watu walishinda pesa kidogo. Kisha baadhi yao waliombwa na mtafiti mwenyewe wamrudishie, kama kumsaidia yeye binafsi. Hao waliomsaidia walimpenda zaidi kuliko wale ambao hawakuombwa chochote. Mtu akikufadhili jambo dogo huanza kukuhesabu miongoni mwa watu wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa mwenyeji anapona kwa kupata mtu wa kumfundisha anachokijua.

Sasa uombe nini? Usiombe pesa, usiombe gari, usiombe kuangaliziwa mtoto. Uliza mboga nzuri zinauzwa wapi. Swali hilo halina siri wala siasa, halimtii mtu aibu, na karibu kila mtu ana msimamo mkali juu yake. Maswali mengine ya aina hiyo:

- Samaki au nyama anaipata wapi, na siku gani inakuwa imeingia asubuhi hiyo?
- Mkate gani anaununua yeye mwenyewe kwa familia yake?
- Umeona kitu fulani sokoni, hukijui; kinaliwaje?
- Msimu huu watu wa hapa wanapika nini?

Jibu ukilipata, litumie. Nenda dukani alikokutuma, nunua, kisha rudi umwambie: nimekwenda, nimepata, nimepika, au nimepika na sikupatia, nimekosea wapi? Kurudi huko ndiko watu wengi wanakokusahau. Swali la kwanza ni adabu tu, lakini taarifa ya pili inamwonyesha jirani kwamba maneno yake yalikuwa na uzito kwako. Mazungumzo ya dakika kumi huanzia hapo, na mara nyingi ndipo anapokumbuka kwamba ana mtungi wa kitu fulani jikoni anataka ukionje.

Hatua ya 4: Sokoni

Nenda mapema, wakati wauzaji wana nafasi ya kuongea. Zunguka mara moja bila kununua. Angalia vikapu vya watu wazima wa pale: kilichojaa vikapuni mwao ndicho cha msimu, na cha msimu huwa kitamu na cha bei nafuu popote duniani. Kisha nunua unavyovijua, ukiongeza kitu kimoja tu usichokijua. Kimoja kinatosha. Ukibeba vitano utaviacha vioze na utakata tamaa.

Kuwa na daftari dogo. Andika jina la kitu kama ulivyolisikia na kama lilivyoandikwa kwenye kibao, namna muuzaji alivyosema kipikwe, na wewe mwenyewe ulionaje. Baada ya muda daftari hilo litakuwa kamusi yako ya kwanza, na maneno yake hutayasahau kwa sababu umeyala.

Usiache chakula ulichozoea kwa mkupuo. Ushauri wangu ni huu: kifungua kinywa kibaki cha kwenu, kadiri vitu vinavyopatikana, na mlo wa mchana au wa jioni uwe wa pale. Asubuhi mtu hana nguvu ya kushangazwa. Akishiba kitu anachokijua, anaweza kukabili siku nzima ya vitu asivyovijua.

Chakula usichokipenda mara ya kwanza usikifukuze moja kwa moja. Uchunguzi wa watoto wadogo umeonyesha kwamba kuonja kitu kipya mara nane hadi kumi na tano kunaweza kubadili kukataa kuwa kupenda, na watu wazima nao huzoea kwa kurudia. Kila safari onja kijiko kimoja au viwili, kwa mapishi tofauti. Kitu kilichokushinda kikiwa kimechemshwa kinaweza kukufaa kikiwa kimekaangwa.

Mwili pia una yake, na usilione hilo kuwa udhaifu. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hawamengenyi vizuri sukari iliyomo kwenye maziwa. Ukihamia mahali ambapo maziwa yamo katika kila sahani, anza na ya mgando na jibini ngumu, ambavyo vina sukari hiyo kidogo. Pilipili kali ikikuzidi, usigugumie maji. Kiini cha ukali wake hakiyeyuki majini. Maziwa au kitu chenye mafuta husaidia haraka zaidi. Vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi viongeze polepole, pamoja na maji ya kutosha.

Tumbo likiharibika, na wiki za mwanzo huharibika kwa wengi, jambo la kwanza ni kurudisha maji na chumvi mwilini. Kama huna pakiti za dukani, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ukiona damu, homa kali, au hali isiyotulia baada ya siku mbili tatu, nenda hospitali. Jikoni kwako zingatia yale ambayo Shirika la Afya Duniani huyahimiza kila mahali: usafi wa mikono na vyombo, vibichi vikae mbali na vilivyopikwa, chakula kiive hadi katikati kufikia nyuzi 70 za Selsiasi, kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na maji yawe salama. Muulize jirani kama maji ya bomba yananywewa bila kuchemshwa. Hilo nalo ni swali zuri la kubishia hodi.

Mwenye mzio, ugonjwa au mwiko wa dini aandike kikaratasi kwa lugha ya pale, kwa msaada wa jirani anayeimudu, akieleza asichokula na kitakachompata akikila. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, hata migahawa inatakiwa kueleza kama chakula kina mojawapo ya viambato 14 vinavyojulikana kuleta mzio, hivyo una haki ya kuuliza. Kwingineko uliza hivyo hivyo.

Na nisisitize jambo moja kwa nguvu zote: usichume uyoga wala majani ya porini kwa kufananisha na ya kwenu. Uyoga uitwao kitaalamu Amanita phalloides huua watu, na miongoni mwa wanaodhurika mara kwa mara ni wahamiaji, kwa sababu unafanana na uyoga unaoliwa makwao. Mwaka 2015 nchini Ujerumani wakimbizi wengi walilazwa kwa sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Dalili huchelewa saa sita hadi kumi na mbili au zaidi, na kufikia hapo ini linaweza kuwa limeanza kuharibika.

Hatua ya 5: Ingia jikoni kwa jirani

Hapa ndipo ugeni unapoanza kuondoka kweli. Jirani akishakuelekeza mara kadhaa na wewe ukarudi na taarifa, mwambie ungependa kumtazama akipika chakula kimoja, cha kawaida, cha siku za kazi. Usitaje cha sikukuu. Hicho kina presha na wageni wengine. Jitolee kununua mahitaji. Uliza mapema: nije saa ngapi, nivue viatu, kuna nguo inayofaa zaidi, kuna watu ndani ambao hawapendi kupigwa picha? Kama hujui cha kubeba, muulize jirani mwingine. Sasa una majirani wawili.

Jikoni lugha hurahisika. Kila kinachotajwa kiko mezani au mkononi, na kitenzi unakiona kikitendeka: kata, koroga, funika, subiri. Mtu anayekwama kuongea sebuleni huongea vizuri akiwa ameshika kisu na kitunguu. Zaidi ya hapo, kukaa kimya jikoni hakuna ubaya, kwa maana kuna kazi inayoendelea. Osha vyombo bila kuambiwa, ila usipange kabati la mtu.

Mpishi mzoefu hupima kwa jicho na mkono. Usimbughudhi akuambie gramu ngapi. Beba kijiko na kikombe chako, akishakishika kiungo kwenye kiganja mwombe akipitishe kwenye kikombe kabla ya kukitia sufuriani, uandike. Andika pia alichokitazama: rangi ilipobadilika, mafuta yalipojitenga, harufu ilipogeuka. Hayo ndiyo vipimo vyake halisi.

Wiki hiyohiyo pika chakula hicho peke yako, umpelekee kidogo aonje. Usijitetee kabla hajaonja. Atakusahihisha, na kusahihishwa ndiko unakokutafuta. Chombo ulichopewa nacho kirudishe kisafi ndani ya siku chache. Sahani ya mtu ikilala kwako mwezi mzima inakula heshima yako.

Hatua ya 6: Karibisha watu kwako

Usingoje nyumba ipendeze. Karibisha mtu mmoja au wawili, kwa muda unaojulikana mwanzo na mwisho. Uliza wasichokula, na siku yenyewe waeleze kila sahani ina nini bila kungoja waulize. Pika kimoja cha kwenu na kimoja cha pale, ili asiyethubutu asilale njaa. Punguza pilipili, iweke pembeni. Mpakulie mgeni kidogo, aongeze mwenyewe. Kama hawali kwa mkono na kwenu mnakula kwa mkono, au kinyume chake, weka vyote viwili mezani na usitoe hotuba.

Kisha rudia. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti wa 2018, alikadiria kwamba watu huhitaji kama saa 50 pamoja ili wavuke kutoka kufahamiana hadi kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 kwa urafiki wa ndani. Piga hesabu: nusu saa kwa wiki ni takriban miaka miwili kufikia saa 50. Ndiyo maana mialiko mikubwa ya mara moja kwa mwaka haifiki mbali. Kinachofika ni kitu kidogo kinachojirudia: kwenda sokoni pamoja kila Jumamosi, kumwagilia bustani, kupika supu moja ya kugawana.

Wasioitikia, na watu wa kwenu

Wapo majirani watakaoitikia salamu na kuishia hapo. Usiwachukulie vibaya wala usiwang'ang'anie. Mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza mwaka 1973 jinsi watu tunaofahamiana nao juu juu wanavyotuletea habari ambazo rafiki zetu wa karibu hawana, zikiwemo za kazi. Jirani wa salamu tu ana faida yake. Anayekutukana au kukutisha ni suala jingine: weka kumbukumbu ya tarehe na maneno, mwambie msimamizi wa jengo, na inapobidi polisi.

Ukarimu usikuondolee tahadhari. Mtu uliyemjua juzi asipewe pasipoti yako kushika, asikopeshwe pesa, asikusainishe karatasi usiyoielewa, na asijue mara moja kwamba unaishi peke yako. Kukutana kwa mara za mwanzo kuwe uani au mahali penye watu.

Watu wa nchi yako waliopo huko watakusaidia sana, hasa kwa makaratasi na kwa viungo vya jikoni visivyopatikana kirahisi. Watafute. Lakini Oberg aliliona hili pia: katika kipindi cha hasira wageni hujikusanya wao kwa wao na kuwasengenya wenyeji, na kila mmoja anarudi nyumbani akiwa na uchungu zaidi. Ukigundua kwamba baraza lenu limegeuka kuwa la malalamiko, hudhuria mara chache zaidi, au mlete jirani mmoja mwenyeji ale nanyi. Malalamiko hupungua mwenyeji akiwa mezani.

Ufunguo na namba

Jirani mmoja akishakuwa mtu wa kuaminika, malizaneni jambo hili mapema. Badilishaneni namba za simu. Mwachie namba ya ndugu yako wa kupigiwa ukiugua, na kama mmeaminiana vya kutosha, ufunguo wa akiba. Mwombe akuonyeshe hospitali ya karibu na duka la dawa linalofunguliwa usiku. Namba ya dharura iandike ukutani: ni 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, kwingineko jirani atakuambia. Fanya mazoezi ya kuitamka anwani yako kwa lugha ya pale mpaka mtu wa upande wa pili wa simu aielewe bila kukuuliza mara mbili, na jirani ndiye mwalimu wa kukusikiliza.

Na kama wiki zinapita hulali, huli, na hutaki kumwona mtu yeyote, mwone daktari. Mwombe jirani huyo huyo akusindikize siku ya kwanza.